Vyombo vinne kutoka Mnyusi, na reli inapita mlangoni

Shangazi yangu anakaa Mnyusi, hatua chache tu kutoka kwenye reli. Ukilala kwake na treni ya mizigo ikapita usiku, vikombe vinagongana kabatini na yeye hata hageuki kitandani. Ana miaka sabini na minne. Mguu wa kulia unamsumbua tangu alipoteleza akitoka kuteka maji, na kila baada ya wiki sita ana kliniki Tanga mjini, saa mbili asubuhi.

Safari iliyopita nilikwenda kulala kwake ili nimsindikize. Tuliamka saa tisa na nusu usiku. Alioga, akavaa dera lake la maua na kanga juu, akachukua bahasha kubwa ya picha za eksirei, na saa kumi na robo kijana wa bodaboda tuliyemwagiza tangu jana yake akapiga honi nje. Tukapanda mshikaki, shangazi katikati, mimi nyuma nimemshikilia, bahasha nimeibana kwapani. Barabara ya vumbi hadi Hale, giza totoro, na kila shimo nilisikia anavuta pumzi.

Hale tukasimama kando ya lami. Costa ya kwanza kutoka Korogwe ikapita imejaa. Ya pili ikapunguza mwendo, konda akatazama ule mguu, akapiga bodi na gari likaondoka. Ya tatu ikatuchukua tukiwa tumesimama, kijana mmoja aliyevaa sare ya ulinzi akainuka, akasema, "Shikamoo bibi, kaa hapa." Namshukuru popote alipo. Gari hilo lilikuwa la kuishia Muheza, kwa hiyo Muheza tukashuka, tukatafuta la Tanga. La Tanga lilikuwa halijajaa, na gari lisilojaa haliondoki. Tulikaa ndani tukiangalia saa. Pongwe likasimama tena kushusha na kupakia. Stendi ya Kange tukateremka, tukachukua bajaji kuingia mjini, na tulipofika mapokezi ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Jina lake lilikuwa limeshaitwa, likapita. Walitupokea vizuri, wakamweka mwisho wa foleni, akamwona daktari saa nane mchana. Alikuwa hajala kitu tangu usiku.

Vyombo vinne, shilingi elfu kumi na tano kwa watu wawili, kwenda tu.

Jioni tukiwa Kange tunasubiri gari la kurudi, akaniuliza, "Hivi mwanangu, ile reli ya kaka yangu imekosa nini?"

Kaka yake ni marehemu baba yangu. Sikuwa na jibu la kumpa pale stendi, na nimelitafuta tangu siku ile. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Baba alikuwa gadi wa treni. Wengi hudhani mkuu wa treni ni dereva. Dereva anaendesha kichwa, lakini treni haiondoki mpaka gadi apige filimbi na kuonyesha bendera ya kijani, na likitokea lolote njiani ripoti anaiandika gadi. Tulikulia kota za reli, Chumbageni, na nikiwa mdogo nilijua saa kwa milio ya vichwa vya treni kabla sijajua kusoma saa ya ukutani. Muheza tulikuwa tunanunua machungwa dirishani, wamama wakikimbia sambamba na behewa kurudisha chenji. Mombo zilikuwa zinapanda mboga na matunda kutoka Lushoto, na ubaridi wake ulikuwa bado umo kwenye vikapu.

Jambo moja alilonifundisha baba ndilo lililonirudia akilini nikiwa nimekaa na shangazi. Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili hazipishani popote ila stesheni. Kwa hiyo stesheni masta wa Muheza, hata treni iwe imejaa, dereva yuko tayari na saa imefika, haiachii kwenda Mnyusi mpaka amempigia mwenzake wa Mnyusi na yule amekubali kwamba njia kule ni nyeupe. Ndipo anaandika karatasi ya ruhusa ya njia, dereva anapewa mkononi. Bila karatasi ile, hakuna kuondoka. Baba alikuwa akisema, "Stesheni ni ya kwako, lakini njia ni yenu wawili." Alikuwa anazungumzia usalama tu, wala hakuwa na mafumbo. Mimi nimekuja kuyaona makubwa sasa, ninapoangalia jinsi miji yetu inavyopanga usafiri kila mmoja kivyake, kana kwamba njia inakatika kwenye mpaka wa halmashauri.

Turudi nyuma kidogo, maana reli hii ni mzee kuliko wengi wanavyodhani. Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, ikiwa ya kwanza katika nchi yetu. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha na serikali yao ikalazimika kuichukua. Muheza ilifika 1896, Korogwe 1902, Mombo miaka mitatu baadaye, Moshi 1911. Arusha ikafikiwa 1929, wakati wa Waingereza. Walichotaka ni mkonge, kahawa na mbao zifike bandarini. Abiria alikuwa wa ziada. Hata hivyo miji ilifuata reli: Muheza, Korogwe, Mombo, Same, zote zimekua zikiitazama stesheni, na ukitembea katika sehemu zao za zamani utaona maduka yamegeukia upande wa reli.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza likajenga reli kutoka Voi kuja Kahe, karibu na Moshi. Baada ya vita, mzigo wa Kilimanjaro ukawa na milango miwili ya baharini, Tanga na Mombasa, na bandari hizi mbili jirani zikagombea kahawa ileile. Mwaka 1948 reli zote za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, na baba alipoingia kazini baadaye alikuwa mwajiriwa wa shirika hilo. Alifika Voi na treni. Alikuwa na marafiki Waluo na Wataita waliokuja kula pilau kwetu sikukuu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, mabehewa yakagawanywa kama mali ya mirathi. Nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka rafiki mmoja wa baba alikuja kuaga, akaacha sanduku lake la bati kwetu kwa sababu alidhani angerudi baada ya mwezi.

Katikati ya hayo kuna mwaka ninaoupenda kuliko yote katika historia hii, 1963. Kabla yake reli ya Tanga na reli ya Kati zilikuwa nchi moja lakini hazijuani. Wajerumani walizijenga kama miradi miwili tofauti, na behewa lililokuwa Tanga halikuweza kwenda Dar es Salaam kwa reli. Nchi ilipopata uhuru, ukajengwa mkono wa kilomita zisizofika 200 kutoka Ruvu kupanda kaskazini, ukaja kuungana na reli yetu Mruazi, jirani na hapo Mnyusi kwa shangazi. Angalia kilichofanyika: hawakuongeza bandari, hawakuongeza miji. Waliunganisha tu vitu viwili vilivyokuwapo tayari.

Mkono ule ndio unaobeba treni ya abiria ya Dar es Salaam kwenda kaskazini. Treni hiyo ilipotea kwa miaka mingi. Desemba 2019 ikaanza tena kwenda Moshi, Oktoba 2020 ikafika Arusha, na watu walijaa stesheni kuipokea, wazee kwa vijana. Shangazi naye alikwenda kusimama kando ya reli, akapunga mkono. Lakini treni ikitoka Ruvu hukata kushoto kuelekea Korogwe na Moshi. Tanga mjini, reli ilikozaliwa, iko upande wa kulia.

Sasa jibu la swali la shangazi. Nilitumia likizo yangu ya mwezi wa sita kuuliza. Mimi ni mwalimu wa jiografia, kuuliza ni kazi yangu. Nilikwenda ofisi kadhaa, sitazitaja, na nasema kwa haki kwamba karibu kila niliyemkuta alinisikiliza na alikuwa mtu wa kazi yake. Tatizo nililiona pale nilipoyaweka majibu yao pamoja.

Kati ya Tanga na Korogwe reli ina kama kilomita 84. Inapita Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyusi, kisha Korogwe, na inakata moja kwa moja. Lami inateremka kwanza hadi Segera ndipo inapanda, kwa hiyo anayetoka Korogwe kwenda Tanga anazunguka. Katika kilomita hizo 84 unapita ndani ya halmashauri nne: Jiji la Tanga, Muheza, Korogwe vijijini na Korogwe mji. Reli ni ya TRC. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara ya vumbi ya Mnyusi, TARURA. Leseni za njia na nauli za mabasi ni LATRA. Stendi ni ya halmashauri, na stendi ni chanzo cha mapato, kwa hiyo kila halmashauri inaijenga pale ambapo ina kiwanja na pale ambapo mabasi ya mbali yatalazimika kuingia na kulipa ushuru. Kila mmoja hapo anafanya sawasawa kazi aliyopewa. Ila mtu wa kutoka Mnyusi kwenda hospitali ya Bombo, au mwanafunzi wa Ngomeni anayesoma mjini, au mama wa Muheza mwenye matenga mawili ya machungwa, safari yake nzima haimo kwenye meza ya yeyote. Imekatwa vipande vinne na kila kipande kina mwenyewe.

Chukua Kange. Stendi ilipohamia kule, mji ulipumua. Ngamiani palikuwa hapapitiki kwa mabasi. Sina ugomvi na uamuzi huo. Lakini stesheni ya reli iko mjini, karibu na bandari, na stendi iko nje ya mji, na kati yao hakuna gari ambalo kazi yake ni kuunganisha hivyo viwili. Siku treni ya abiria ikirudi Tanga, abiria wake atashuka stesheni na kuanza kutafuta bajaji kwenda kupanda basi la Pangani au la Horohoro. Hilo linaweza kupangwa leo, bila hata kununua kichwa cha treni.

Wakati mwingine mtu ananiambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya SGR, subiri." Naipenda SGR, hii reli mpya ya kisasa. Mwaka juzi, miezi michache baada ya kuanza Dar hadi Morogoro Juni 2024, nilikwenda Dar kwa makusudi nikaipande. Nililipa shilingi 13,000. Nilikaa dirishani, ile treni ya umeme ikaondoka bila mshituko, na kasi ilipofika 160 kwenye kioo cha ndani nilitokwa machozi, na bibi wa pembeni yangu akanishika mkono bila kuuliza. Baba angeiona ile! Stesheni ya Dar iko katikati ya mji, jirani na ile ya zamani, unaweza kutembea kwa miguu hadi kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Wamepatia. Morogoro stesheni iko Kihonda, na unapotoka nje ni bajaji na bodaboda zinazokugombania, kisha unatafuta njia yako ya kufika Msamvu kwa basi la kuendelea. Si jambo la kutisha. Lakini nilisafiri kilomita kama mia mbili na nusu saa iliyonichosha ilikuwa ile ya mwisho.

Jirani zetu wameyapitia haya kwa ukubwa zaidi. Mtoto wa mama yangu mdogo anaishi Likoni, Mombasa. SGR ya Kenya ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwishoni mwa Mei 2017. Stesheni ya Mombasa ikawekwa Miritini, nje ya kisiwa, na ya Nairobi ikawekwa Syokimau. Mtu wa Likoni anavuka feri, anapanda matatu kuvuka mji mzima, ndipo afike kwenye treni. Akifika Syokimau bado hajafika Nairobi, kwa hiyo ikabidi treni ndogo za reli ya zamani zipangwe kumsubiri pale na kumwingiza mjini. Zinafanya kazi nzuri, ameniambia. Ninachokiona mimi ni kwamba reli ya zamani, ile iliyodharauliwa, ndiyo iliyokuja kuikamilisha mpya.

SGR ya Tanga kwenda Arusha hadi Musoma imo kwenye mipango ya nchi. Siku wapimaji watakapokuja kuchomeka vigingi, nani atawaambia stesheni ya Muheza iwe wapi? Wakiulizwa Muheza peke yao, watasema kilipo kiwanja kikubwa cha bure. Korogwe hivyohivyo. Na kiwanja kikubwa cha bure, kila mtu anajua, hakiko mjini. Ndiyo maana nasema halmashauri hizi zikae sasa, kabla ya vigingi, zikubaliane kitu kimoja: kila stesheni ya treni iwe na stendi ya mabasi na daladala ubavuni mwake, na kila stendi mpya ijengwe ikiitazama reli, iliyopo au itakayokuja.

Meza ya kukaa ipo. Kamati ya Ushauri ya Mkoa ipo kisheria, wanakaa humo wakuu wa wilaya, wenyeviti na mameya, wakurugenzi na wabunge. Mkoa wetu una halmashauri kumi na moja na watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya 2022. Ningetamani siku moja ajenda iwe safari ya mtu mmoja, kutoka mlangoni kwake hadi anakokwenda, na TRC, LATRA, TANROADS na TARURA wote wakiwa chumbani. Sijaomba chombo kipya chenye magari na ofisi. Nimeomba kikao kimoja chenye ramani moja ukutani.

Na kuna jambo dogo linaloweza kuanza mapema zaidi. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianzisha treni ya mjini, wenyewe wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Haikujengwa reli mpya. Walichukua reli ileile ya zamani, wakakarabati vichwa na mabehewa, wakatengeneza vituo, watu wa Ubungo wakaanza kwenda Stesheni asubuhi na kurudi jioni. Sisi tuna reli ileile ya upana wa mita moja, imelala kati ya Korogwe na Tanga. Behewa mbili tatu zitoke Korogwe saa kumi na moja alfajiri, zisimame Mnyusi, Muheza, Ngomeni, Pongwe, ziingie Tanga kabla ya saa mbili. Zirudi saa kumi jioni. Daladala za mjini zipangiwe kuwapo stesheni wakati huo, nazo zitapata abiria wa uhakika. Vijana wa bodaboda wa Hale na Muheza hawatakosa kazi, maana stesheni haifiki mlangoni kwa kila mtu. Nimezungumza na mmoja wao, akaniambia, "Mama, mimi napenda abiria wa karibu mara kumi kuliko wa mbali mara moja." Mafuta yanamlia kwenye safari ndefu.

Wapo wanaouliza kama abiria watatosha. Swali la haki. Ila naomba wakasimame Segera saa kumi na mbili asubuhi Jumatatu moja, kisha waniambie wale watu wanaoning'inia mlangoni ni akina nani.

Suala gumu kuliko yote ni tiketi, na hapa nina cha kusimulia. Tanga ina undugu na mji mdogo wa Ujerumani unaoitwa Eckernförde, uko kwenye ufuo wa bahari ya Baltiki, kwenye reli ya kati ya Kiel na Flensburg. Mwalimu mwenzangu aliwahi kwenda huko kwa ziara ya kirafiki. Akarudi na picha za kanisa, samaki na bandari, lakini mimi nilimng'ang'ania anieleze alivyokuwa akisafiri. Alinunua tiketi moja. Kwa tiketi hiyo alipanda basi la mji, akashuka stesheni, akapanda treni, akashuka Kiel, akapanda basi lingine. Makampuni tofauti, rangi tofauti, karatasi moja. Jimbo lao lote, Schleswig-Holstein, lina nauli moja iliyokubaliwa.

Nikataka kujua walifikaje hapo. Chanzo chake kiko Hamburg, mji wa bandari kama wetu ingawa mkubwa mno. Mwaka 1965 mashirika ya usafiri ya pale, ya treni na ya mabasi, yaliyokuwa yakinyang'anyana abiria, yalikubaliana kuunda umoja mmoja, wa kwanza wa aina yake duniani. Abiria analipa mara moja. Fedha inaingia kapu moja, kisha inagawanywa kwa kanuni waliyokubaliana. Ratiba zinapangwa pamoja ili basi lisiondoke dakika mbili kabla treni haijafika. Leo umoja huo umevuka mipaka ya mji, unahudumia wilaya za majimbo mawili jirani, na mwananchi wala hajui ni wapi jimbo moja limeishia. Kila jimbo bado lina serikali yake, bunge lake, bajeti yake. Hakuna aliyemeza mwenzake.

Hicho ndicho wakubwa wetu wengi wanachokihofia, kumezwa. Muheza inaogopa kwamba ikikaa meza moja na Jiji, Jiji litachukua kila kitu. Nawaelewa. Muheza tangu zamani imekuwa mahali pa kupita. Kwa hiyo ushirikiano ukianza, uanze na makubaliano ya maandishi kuhusu ushuru wa stendi, nani anapata nini, kabla ya kuzungumzia ratiba. Watu wakijua fedha yao iko salama, watazungumza mengine kwa moyo mweupe. Nimeona hivyo hata kwenye vikoba.

Wala sisi hatuko mbali na tiketi moja. Mtu wa Mnyusi leo ananunua luku, analipa ada ya shule na kutuma hela Arusha kwa simu yake ya kitochi. Namba moja ya malipo, nauli ya treni na daladala pamoja, mgawanyo ufanyike nyuma ya pazia. Vijana wa kuandika programu za namna hiyo tunao, nimefundisha baadhi yao.

Kuhusu Mombasa na Moshi nitaandika siku nyingine kwa urefu, maana ni jambo pana. Niseme tu kwamba kutoka hapa hadi Horohoro mpakani ni mwendo wa saa moja na kidogo, Wadigo wa pande zote mbili ni ukoo mmoja wanaoana na kuzikana, na bado sijaona ratiba inayotambua kwamba Tanga na Mombasa ni miji jirani. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, kwenye ncha ya reli yetu hii hii. SGR ya Kenya na ya kwetu zina upana uleule, milimita 1,435. Yao inatumia dizeli, yetu umeme. Upana ukiwa sawa, mlango bado uko wazi.

Mwezi uliopita niliandika barua ya kurasa mbili, nikaambatanisha ramani niliyoichora mwenyewe kwa penseli za rangi: reli kwa nyekundu, lami kwa nyeusi, stendi kwa buluu, hospitali kwa kijani. Nimetengeneza nakala nne, moja kwa kila halmashauri, na nimezipeleka kwa mkono. Mbili zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi moja karani aliitazama ile ramani kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya Ngomeni, akasema, "Mimi nyumbani ni hapa." Akaniuliza kama anaweza kupiga picha.

Shangazi nilimsomea barua kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza kama nimeandika habari ya mguu wake. Nikamwambia nimeandika, kwenye aya ya kwanza. "Vizuri," akasema, "wajue ni mtu."

Kliniki nyingine ni Alhamisi ijayo. Safari hii hatutaamka saa tisa usiku. Anakuja Jumatano mchana, nitamfuata Hale, atalala kwangu Makorora. Kitanda cha chini nimeshakitandika, na dirisha lake linafunguka upande wa reli.